Maarifa Yaandikwe Ndani ya Bei

Jioni ya leo, ndugu wasikilizaji wa Likasi, tuongee mikataba. Ile ya kuuza madini tumeisema mpaka midomo imekauka, tuiache kidogo. Leo nina ile inayotiwa saini kati ya serikali na serikali, ikiahidi kwamba watoto wetu watafundishwa kazi za kesho.

Naanza na mkataba wa zamani ambao wengi wetu hatukuusikia shuleni, ingawa mawe yake yalitoka hapa karibu, mwendo wa kilomita kama 20 tu. Tarehe 26 Septemba 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinaunguruma, serikali tatu zilikubaliana juu ya urani ya Kongo: Marekani, Uingereza na Ubelgiji. Mtu akisema urani ya Kongo wakati ule, alikuwa anasema mgodi wa Shinkolobwe. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York tangu mwaka 1940, yakawekwa ghalani kule Staten Island mpaka wanajeshi wa Marekani walipokuja kuyanunua mwaka 1942. Chini ya mwaka mmoja baada ya saini ile, dunia nzima ilijua mawe yale yalikuwa ya kazi gani.

Habari hii ikisimuliwa, kwa kawaida huishia kwenye bomu la Hiroshima. Mimi kinachonishika ni kifungu kimoja cha mkataba ule. Wabelgiji waliuza urani, pesa wakapokea. Lakini walidai na kitu kingine kiandikwe: siku Marekani na Uingereza zitakapoamua kutumia urani hiyo kuzalisha nishati kwa biashara, Ubelgiji nayo ishirikishwe kwa masharti ya haki. Tuwe wakweli, Wamarekani hawakuwa na haraka ya kufungua milango, na Wabelgiji walilazimika kugonga na kugonga tena. Lakini walikuwa na karatasi mkononi, wanagonga wakiwa na haki. Mwaka 1952 wakaanzisha kituo chao cha utafiti wa nyuklia kule Mol. Mwaka 1956 kinu chao cha kwanza kikawaka. Mwaka 1959 kinu kidogo kikawashwa pale Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika nzima. Sisi wa Jadotville, maana ndivyo mji wetu ulivyoitwa mpaka 1966, hatukuwemo ndani ya kifungu. Wala hapakuwa na Mkongomani hata mmoja kwenye meza ile.

Mtanisamehe kwa kuwarudisha nyuma hivyo, lakini muone jambo lenyewe. Nchi ndogo ya Ulaya, imetoka kuvamiwa na Wajerumani, serikali yake ndiyo kwanza inarudi kutoka London ilikokimbilia, haina jeshi la maana. Ina kitu kimoja tu ambacho wakubwa wanakitaka, na kitu hicho kiko chini ya ardhi ya watu wengine. Na bado mjumbe wake anapata akili ya kusema: pesa nitachukua, na maarifa nayataka. Sisi leo tuna mawe, ardhi ni yetu, na bendera inapepea. Je, sisi tunaandika nini kwenye kifungu chetu?

Tuzipitie saini za miaka hii ya karibuni, haraka haraka. Novemba 2021, Kinshasa: mkutano mkubwa wa biashara juu ya betri za magari ya umeme. Pale ilisomwa hesabu iliyofanywa na kampuni ya BloombergNEF, kwamba kiwanda cha kutengeneza malighafi ya betri, cha tani 10,000 kwa mwaka, kingegharimu dola milioni 39 kukijenga hapa Kongo, na Marekani kiwanda hicho hicho kingegharimu mara tatu yake. Watu walipiga makofi. Aprili 2022, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikafungua kituo cha utafiti wa betri, kwa nia ya kufanya kazi pamoja na wenzetu wa Zambia, wa Copperbelt University kule Kitwe. Mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 29, Kongo na Zambia zikatia saini Lusaka, ziunganishe nguvu kwenye mnyororo mzima wa betri na magari ya umeme. Desemba mwaka huo, Washington, Marekani ikaingia kwa mkataba wa nchi tatu. Oktoba 2023, Brussels, ikawa zamu ya Umoja wa Ulaya, na reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, juu yake. Desemba 2025, Washington tena. Sikumbuki hotuba hata moja ya siku hizo iliyokosa maneno mawili, ujuzi na vijana.

Sasa tushuke chini, tutoke kwenye hoteli za wakubwa, tuingie kiwandani. Hiyo malighafi ya betri inatengenezwaje? Unachukua chumvi za kobalti, nikeli na manganizi zilizoyeyushwa majini. Unazimimina kwenye pipa kubwa la chuma lenye mwiko unaozunguka bila kusimama. Pembeni inadondoka soda kaustiki, pembeni amonia. Joto lazima likae palepale, uchachu wa maji ukae palepale, saa nyingi mfululizo, usiku na mchana. Ndani ya maji yale chembe ndogo zinajiunda, zinakua polepole kama ugali unaposhika. Uchachu ukiteleza kidogo tu, chembe zinatoka mbovu, na hakuna jicho litakaloona. Unga utaoshwa, utakaushwa, utafungwa kwenye mifuko, utasafiri. Miezi baadaye, nchi ya mbali, betri ya mtu itakufa mapema.

Anayelinda pipa lile si daktari wa sayansi. Daktari alishamaliza kazi yake, ameandika kanuni na ameenda. Pale saa tisa ya usiku yuko fundi. Yuko mtu wa maabara mwenye chupa na kipimo. Yuko fundi umeme, yuko fundi wa mitambo ya kupimia, yuko wa pampu. Watu wenye miaka miwili au mitatu ya shule ya ufundi, na juu yake mwaka au miaka miwili ya kusimama karibu na mtu anayejua. Kiwanda hicho cha betri mpaka leo hakijajengwa. Lakini migodi na viwanda vilivyopo tayari, kuanzia hapa mpaka Fungurume na Kolwezi, vinawatafuta mafundi hao hao leo.

Na ajabu ni kwamba Likasi tulikuwa nao! Kiwanda cha Shituru kilianza kazi ya elektrolisisi mwaka 1929. Shaba iliyeyushwa kwenye asidi, umeme ukapitishwa majini, shaba safi ikaota kwenye sahani. Baadaye kobalti nayo. Wengi mnaonisikia baba zenu walirudi nyumbani na nguo zilizotobolewa na asidi, matundu madogo madogo utafikiri nondo wamekula. Fundi wa zamani wa Shituru alikuwa anapita juu ya mabirika, na bila kugusa kipimo chochote anajua ni wapi sahani mbili zimegusana na umeme unapotea, kwa sababu metali ya pale ina joto kuliko jirani zake. Akiinua sahani, anatazama uso wake: ikiwa laini, vizuri, ikiwa na vinundu, kuna kitu kimeharibika kwenye maji, na atakwambia ni kitu gani. Nchi yetu ilikuwa inatoa kobalti iliyo metali kamili. Leo sehemu kubwa ya kobalti yetu inatoka ikiwa hidroksidi, tope lililokaushwa kwenye mifuko, na kazi ya kuisafisha inafanywa China. Wanaosema Kongo inapanda ngazi ya viwanda, kwenye kobalti waangalie tena, tulishuka.

Ujuzi ule haukuanguka kutoka mbinguni. Union Minière, na baada ya 1967 Gécamines, walikuwa na shule zao za ufundi, na kati ya darasa na karakana hapakuwa na umbali. Asubuhi unachora gia ubaoni, mchana unaikata kwenye Ateliers Centraux de Panda, na mwalimu wa mchana ni mtu ambaye mashine ikimshinda yeye mwenyewe ataitwa usiku. Sisemi tuurudie ukoloni, sijapoteza akili. Kampuni ile ilimfundisha Mwafrika mpaka kwenye ngazi iliyoitaka yenyewe, ikamfungia pale. Tarehe 30 Juni 1960 nchi nzima hii kubwa ilipata uhuru ikiwa na Wakongomani wenye digrii ya chuo kikuu wasiofika hata 30. Na binti zetu waliwekwa kwenye nyumba za akina mama wakashone na kupika, kana kwamba mkono wa msichana haushiki bisibisi. Hayo yote ni kweli. Lakini jambo moja walilijua: fundi hatoki kwenye daftari.

Kilichofuata mnakijua, wengine mnakijua mwilini. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa bado inatoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa hauna hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Halafu 2003, mpango wa Benki ya Dunia, wale tunaowaita walioondoka kwa hiari. Kwa hiari! Watu zaidi ya 10,000 walipewa bahasha wakaambiwa kwaheri, na kila mmoja aliondoka na miaka 20 au 30 ya ujuzi kichwani. Bahasha zilihesabiwa dola kwa dola. Ujuzi haukuhesabiwa, wala hakuna aliyewaambia wazee wale: kabla hujaenda, kaa na kijana huyu miezi sita.

Juzi nimeongea na kijana mmoja wa Kikula, hapa mjini. Ana diploma ya Serikali, fani ya kemia ya viwanda, na alama nzuri tu. Anaendesha moto, pikipiki ya abiria. Nikamuuliza, mwanangu, kipimo cha uchachu umewahi kukishika? Akacheka. "Papa, nilikichora. Nilikichora vizuri sana, mwalimu akanipa kumi juu ya kumi." Amepeleka barua kwenye makampuni, yanamwambia lete miaka mitatu ya uzoefu. Ameomba staji, mafunzo ya kazini, hakujibiwa. Nikamuuliza anajua kituo cha betri cha Lubumbashi? Anakijua, alikisikia hapa hapa redioni. Anafikiri ni cha watu wa chuo kikuu. Sikuwa na la kumbishia.

Hapo ndipo naona mikataba yetu inapojikwaa. Ushirikiano wa serikali unapenda kuanzia juu, kwenye chuo kikuu, kwenye maabara yenye utepe wa kukata. Siupingi utafiti, Kitwe na Lubumbashi wakae meza moja, ni jambo la kufurahia, tumechelewa hata. Lakini ukisoma kwa makini utaona mtu wa katikati, yule wa saa tisa ya usiku, anatajwa kwenye utangulizi tu. Ukifika kwenye vifungu vyenye pesa na tarehe humwoni.

Msiniambie hakuna pesa. Kongo ina INPP tangu 1964, kazi yake ni kuwaandaa watu kwa kazi, na sheria inamtaka kila mwajiri atoe fungu la mishahara anayolipa kwa ajili ya chombo hicho. Sikilizeni viwango vyake. Kampuni ndogo, yenye wafanyakazi mpaka 50, inatoa asilimia 3. Ya katikati, mpaka 300, asilimia 2. Na kampuni kubwa yenye watu zaidi ya 300, asilimia 1. Narudia ili msidhani ulimi umeteleza: mwenye gereji ya watu kumi anatoa asilimia 3, na mgodi wa maelfu ya watu unatoa 1. Wataalamu watasema asilimia 1 ya mishahara mingi ni pesa nyingi kuliko 3 ya michache, na kwamba wakubwa wana vituo vyao vya kufundishia. Sawa. Basi tuonyeshwe vituo hivyo vinachukua vijana wangapi wasio wafanyakazi wao. Wenzetu wa Zambia tangu 2016 wana sheria inayotoza nusu asilimia ya mishahara kwa ajili ya ufundi. Nchi mbili, mifuko miwili, mkanda mmoja wa shaba. Sijui kwa nini mkataba wa Lusaka usingeanzia kwenye mifuko hiyo.

Na tukitaja Zambia tusisahau mpaka wenyewe. Kasumbalesa malori yanapita na shaba usiku kucha. Kijana aliyesoma umeme Likasi akivuka na karatasi yake, karatasi hiyo upande wa pili haisemi kitu. Imeandikwa Kifaransa, imepigwa muhuri wa mfumo mwingine, na mwajiri wa Kitwe hana namna ya kujua kama mwenye karatasi anaweza kufunga mota au anaweza kuichora tu. Wa Ndola akija huku, yaleyale. Mnajua Kongo iliingia SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, lini? Septemba 1997, kwenye mkutano wa Blantyre. Na mkutano huo huo ndio uliotia saini itifaki ya elimu na mafunzo, inayozungumza juu ya kutambuana vyeti. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka 2022 tukaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki pia, kwa hiyo sasa tuna ahadi mbili juu ya cheti kilekile.

Tiba yake wala si ghali. INPP yetu na TEVETA ya Zambia, ambao ndio wasimamizi wa ufundi kule, wakubaliane mtihani mmoja kwa fani tano au sita za mgodini: umeme wa viwanda, vipimo, maabara, kuchomelea, dizeli, pampu. Mtihani wa mikono. Mota hii imekufa, ifufue, una saa mbili. Mota haiulizi ulisoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Atakayeipita apewe karatasi inayosomeka Kitwe, Solwezi, Likasi na Kolwezi. Kwa hilo hatuhitaji mkutano Washington.

Kuna mahali watu wameanza kuunganisha darasa na kazi. Kule Djibouti, Machi 2019, Wachina wa mji wa Tianjin walifungua karakana ya mafunzo wanayoiita Luban, kwa jina la fundi wao wa kale. Waliifungua kwa sababu tayari kulikuwa na reli mpya ya kwenda Addis Ababa, na reli inahitaji watu wa kuiendesha. Kazi ilikuwepo kwanza, darasa likaifuata. Unaweza kuwa na maneno yako juu ya Wachina, mimi pia ninayo, lakini mpangilio ule una akili. Reli yetu ya kwenda Lobito inazungumzwa kila mwaka na marais wa nchi za mbali. Joe Biden mwenyewe alifika Lobito Desemba 2024. Mafundi wa injini za treni na wa kupanga mataruma, watu wa Tenke na Likasi, watafundishwa wapi?

Na Tanzania, kule Kikuletwa, chini ya Kilimanjaro, palikuwa na mtambo wa zamani wa umeme wa maji, umelala. Chuo cha ufundi cha Arusha kikapachukua pakawa pa kufundishia nishati jadidifu, ndani ya mpango wa Benki ya Dunia unaounganisha Ethiopia, Kenya na Tanzania, kila nchi ijenge vituo vyenye nguvu kwenye fani fulani na wanafunzi wa jirani wavitumie. Nilipojua habari ile niliwaza Mwadingusha. Mtambo wetu ule wa mto Lufira, wa mwaka 1930, umefanyiwa ukarabati mkubwa, mitambo sita yote ikarudi kazini mwaka 2021, karibu megawati 78. Wahandisi walitoka Ulaya, pesa zilitoka mgodini. Kwa miaka ile mashine zilikuwa zimefunguliwa, matumbo nje, kila kitu kinaonekana. Fundi umeme ana nafasi ngapi maishani za kuona turbini iliyofunguliwa? Ukarabati kama ule ulistahili kuwa na madawati pembeni yake. Basi na tuangalie kwa mtambo wa umeme wa Koni na kwa mitambo mingine itakayofunguliwa kesho.

Jambo la lugha naligusa kidogo tu, maana lina kipindi chake. Siku hizi ukifungua kabati la umeme kwenye viwanda vingi vya mkoa huu, maandishi ya ndani ni Kichina. Kitabu cha maelekezo Kichina. Kijana anajifunza kwa kukariri: kitufe hiki usiguse, hiki gusa. Hiyo haijengi fundi, inajenga mlinzi wa vitufe. Anayeleta mashine alete na maelezo yake katika lugha ambayo fundi wetu anaisoma. Hilo nalo ni la kuandikwa kwenye mkataba, mstari mmoja unatosha.

Mtaniuliza, nani atawalazimisha wakubwa waandike mistari hiyo? Ni swali zuri, na miaka mitatu iliyopita labda ningelikwepa. Lakini tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilifunga mlango. Kobalti haitoki, ikasema, na haikutoka. Nchi yenye robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani ilikaa miezi minane bila kuuza nje, mpaka Oktoba, ilipofungua kwa vipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo 2027. Wengi walisema serikali haitaweza. Iliweza, na bei ikapanda. Nasema haya nikijua kuna watu hapa Likasi walioumia kwa miezi ile, madereva, wachimbaji wadogo, wauza chakula kwenye lango la mgodi. Lakini tumeona kwamba mwenye mawe anasikilizwa.

Kilichonisumbua ni kwamba tulipokuwa na dunia nzima ikisubiri mlangoni, tulizungumza bei na tani. Mgao wa kila kampuni ulipangwa kwa hesabu ya ilichokuwa inauza miaka ya nyuma. Hakuna aliyeweka kwenye hesabu hiyo vijana ambao kampuni imewafundisha. Kwa nini kampuni inayopokea vijana 200 wa staji kila mwaka, inayowalipa nauli na chakula, inayowapa mtu wa kuwafundisha, isipewe mgao mkubwa kidogo kuliko ile iliyofunga geti? Serikali tayari ina mizani mkononi. Iongeze jiwe moja upande wa mafunzo. Mbelgiji wa 1944 angelifanya, na madini hayakuwa yake.

Kwa hiyo ujumbe mwingine wa kigeni ukija, na watakuja, maana barabara ya Lubumbashi haikauki magari ya wajumbe, naomba waheshimiwa wabunge wetu na meya wetu wasiridhike na neno ujuzi likiwa peke yake. Waulize nafasi ngapi, katika kiwanda gani, kuanzia mwezi gani, nani analipa nauli ya mtoto wa Kikula kwenda Shituru kila asubuhi. Waulize wasichana ni wangapi ndani ya hesabu hiyo. Waulize mtihani utafanywa na nani, na karatasi itasomeka wapi. Japani imewekeza kwenye INPP ya Lubumbashi, Ubelgiji imesaidia shule za ufundi za Katanga, tunashukuru na tusione haya kushukuru. Lakini jengo jipya na mashine mpya bila mlango wa kiwanda uliofunguliwa vinazaa vijana wanaojua kuchora vizuri zaidi.

Na lipo moja ambalo halihitaji serikali ya nje hata kidogo. Wale walioondoka 2003 wakiwa na miaka 40 sasa wamevuka 60. Waliokuwa na 50 wana zaidi ya 70, na kila msimu wa mvua tunawazika baadhi yao. Matanga ya Panda na Shituru mnayajua. Kati ya waliobaki wapo walioshika elektrolisisi ya kobalti kwa mikono yao, jambo ambalo wahandisi wengi vijana wamelisoma tu. INPP inaweza kuwaandikisha. Shule za ufundi zinaweza kuwaita siku mbili kwa wiki, wakalipwa kama walimu, si kupewa soda na kupigwa picha. Kituo cha betri cha Lubumbashi kinaweza kumtuma mwanafunzi mmoja na kinasa sauti. Mzee anayenisikiliza sasa hivi, ukiwa ulifanya kazi Shituru au Panda na miguu bado inakubeba, pita hapa redioni wiki hii, acha jina lako, kazi uliyofanya na miaka yake. Orodha hiyo tutaipeleka INPP Lubumbashi, na kipindi kijacho nitawaambia wametujibu nini.